Mwongozo kamili: kukusanya majina ya samaki wa Lamu bila kuharibu orodha

Orodha nyingi za majina ya samaki wa Lamu zinazopita mikononi mwangu zimeharibika mahali pale pale. "Changu" ameandikwa mara sita, kila mara na jina jingine la kisayansi, bila neno la kueleza. "Tasi" yumo katika orodha inayodai kutoka Kizingitini, kijiji cha kisiwa cha Pate, ilhali huko samaki huyo huyo wavuvi humwita tafi. Mwandishi aliona uvivu kusubiri mashua, akanakili mtandaoni. Na kila safu ya "jina la kienyeji" ina neno moja tu, kana kwamba watu wa visiwa vyote hivi walikaa baraza moja wakakubaliana.

Wavuvi wanajua wanachosema. Kinachoharibu ni swali. "Huyu anaitwaje?" hupata jibu siku zote, hata pale jibu lilipotolewa kwa adabu tu ili mgeni aende zake. Kinachotakiwa ni kujua jina linaanzia wapi na linaishia wapi: linamchukua nani, linamwacha nani, na ni nani analitumia. Hatua zilizo hapa chini zinafuata lengo hilo. Nimeziandika kwa samaki kwa sababu ndiko watu wanakokosea zaidi, lakini ndege wa ufuoni na wadudu wa shambani huandikwa kwa njia hiyo hiyo.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Daftari la jalada gumu na penseli. Wino na maji ya chumvi havipatani.
- Simu yenye kinasa sauti, ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Rula ya plastiki, au ubao uliochorwa sentimita.
- Kitambaa kizito cha rangi moja, cheupe au kijivu, cha kumlaza samaki.
- Pini chache za kutandaza mapezi.
- Vikaratasi vya namba, moja hadi mia.
- Glavu nene. Miiba ya tafi ina sumu na maumivu yake hayasahauliki.
- Mwenzako anayesema Kiamu (lahaja ya Lamu mjini) au Kitikuu (lahaja ya Wabajuni) tangu utotoni, ikiwa wewe si wa huku.

Picha za samaki zilizochapishwa kutoka intaneti ziache nyumbani. Picha haina ukubwa, haina harufu, haikupinduliwa tumbo. Mvuvi akionyeshwa picha hubahatisha, na bahati yake ikiingia daftarini huwezi tena kuitofautisha na ujuzi wake.

## Hatua ya 1: Punguza eneo

Usianze na "wanyama wa Lamu". Anza na samaki wa chombo kimoja cha uvuvi, kijiji kimoja, msimu mmoja. Kwa mfano: samaki wa malema (mitego ya kusukwa), Kizingitini, wakati wa kaskazi.

Kijiji ni muhimu kwa sababu mtu wa Amu, wa Siu, wa Pate na Mbajuni wa upande wa Kiunga hawasemi lahaja moja. Msimu ni muhimu kwa sababu bahari ya kaskazi na bahari ya kusi hazitoi samaki sawa, na samaki asiyeonekana hatajwi. Chombo nacho kina uzito wake: mtu wa mshipi na mtu wa jarife, yaani wavu, hawaoni bahari moja.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kichwa cha orodha yako kwa mstari mmoja usio na neno "mbalimbali".

## Hatua ya 2: Ruhusa, salamu na saa

Pita kwanza kwa kamati ya BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, useme unataka nini na karatasi zitakwenda wapi. Ikiwa ni utafiti wa chuo, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, kiwe mkononi kabla hujapanda boti.

Usiulize "mnarudi saa ngapi?" Uliza habari za maji na upepo, kwani ndivyo vinavyoamua. Mashua zikifika, nyamaza. Wakati wa mnada kila mtu anahesabu pesa, na mwenye daftari ni kero. Subiri mpaka samaki wameuzwa na watu wamekaa. Ijumaa kuelekea adhuhuri usimsimamishe mtu.

Salamu zisiharakishwe. "Sabalkheri, mzee. Za bahari?" Nahodha aitwe nahodha. Bi mkubwa anayepaa samaki uani asihojiwe na kijana mwanamume aliye peke yake; mtume dada yako, au nenda na mtu wa nyumba ile.

Onyo: Kasa na nguva wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013. Majina yao yakusanywe kwa mazungumzo tu. Usimpige picha mtu aliye na nyama au gamba la ng'amba (aina ya kasa), usiandike jina lake, na usitaje mahali kasa wanapotagia. Orodha ya majina isigeuke ushahidi wa kumfunga mtu, wala ramani ya mwindaji.

## Hatua ya 3: Majina kwanza, samaki baadaye

Kaa na mtu mmoja, washa kinasa sauti kwa ridhaa yake, kisha umwombe: "Nitajie samaki wote uwajuao wa malema." Halafu funga mdomo. Usimsaidie, usimkumbushe, usimsahihishe. Andika kila jina kwa mpangilio ule ule alioutaja.

Fanya hivyo kwa mzee, kwa kijana, kwa mchuuzi na kwa mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza. Nakusihi usimwache mama karanga. Yeye huona samaki wengi kuliko mvuvi mmoja, tena huwaona kwa jicho la kisu na mafuta: nani ana mifupa, nani hupasuka kikaangoni, nani hununuliwa na nani. Mara nyingine makundi yake hayalingani na ya mvuvi, na tofauti hiyo ni habari ya kuandikwa.

Kwa nini mpangilio? Jina linalotajwa mapema na watu wengi ndilo lililo hai midomoni. Jina linalokuja mwisho, kwa mzee peke yake, baada ya kukuna kichwa, ni la kulikimbilia kabla halijaondoka naye. Tena mtu hutaja samaki kwa jamaa zao bila kujua. Akisema taa, papa, papa upanga, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kwenda kwa pono, ameshakuchorea makundi yake.

Ukiona mtu wa mwisho haongezi jina jipya ila moja au mawili, hatua hii imekwisha.

## Hatua ya 4: Samaki mwenyewe

Chukua kila samaki akiwa bado mbichi kabisa. Rangi hubadilika haraka baada ya kufa, na kwa samaki wa mwambani kama pono rangi ndiyo nusu ya utambulisho wake.

Mlaze ubavuni juu ya kitambaa, kichwa kikielekea kushoto. Tandaza mapezi kwa pini. Weka rula chini yake na kikaratasi cha namba. Piga picha kivulini, bila mwako wa simu, kutoka juu kabisa na si kwa mshazari. Kisha piga ya pili ya mdomo na meno. Namba ya picha iandikwe daftarini hapo hapo. Ukisema utaandika jioni, jioni utakuwa na picha nyingi na kumbukumbu chache.

## Hatua ya 5: Uliza mipaka

Hapa ndipo orodha hufa au hupona, kwa hiyo usiende mbio. Maswali ni matano, na yana mpangilio.

"Huyu mwamwitaje?" Hili mnalijua. Liandikwe jibu, lakini msiliamini bado.

"Na huyu je?" Weka samaki wa pili anayefanana naye. Jina likibadilika, umegusa mpaka. Lisipobadilika, endelea.

"Hawa wawili ni mamoja?" Mtu anaweza kuwapa jina moja na bado akajua ni mbali mbali. Akisema si mamoja, muulize amejuaje. Majibu ya swali hili ni dhahabu: doa la ubavuni, mdomo mrefu, mahali anapokaa, jinsi anavyovuta mshipi. Yaandike kwa maneno yake, usiyatafsiri kwa lugha ya kitabu.

"Papa gani?" Yaani rudisha jina alilokupa, uongeze "gani". Akitoa neno la pili, kama vile papa upanga au papa shilingi, umeteremka ngazi moja. Akikutazama na kusema "papa tu", umefika chini. Mtaalamu wa Marekani Brent Berlin, mwaka 1992, alionyesha kuwa lugha nyingi duniani hupanga viumbe hivi: jina fupi kwa aina inayoonekana waziwazi, kisha neno la kuongezea kwa aina zilizo ndani yake. Waswahili hawakumngoja.

"Nani mwingine huitwa hivi?" na kinyume chake, kwenda juu: "Pweza ni samaki? Nyangumi je?" Usicheke jibu lolote, na usilirekebishe. Kama nahodha anasema nyangumi ni samaki, katika orodha ya kijiji kile nyangumi ni samaki. Safu ya sayansi ina nafasi yake, na tutafika.

Chukua papa upanga. Kwa mvuvi ni papa. Kwa wanasayansi ni jamaa ya taa, na matamvua yake yako chini ya mwili kama ya taa. Ukimhamishia kwa taa katika safu ya kienyeji eti umesahihisha, umefuta jambo ulilotumwa kuliandika.

Pono naye huwatia watu kiwewe. Wengi wa jamaa hii huanza maisha wakiwa wa rangi ya kahawia au nyekundu iliyofifia, kisha baadhi yao hugeuka madume ya kijani na buluu. Kwa miaka mingi wanasayansi wenyewe walieleza dume na jike wa samaki mmoja kama spishi mbili. Kwa hiyo mvuvi akiwapa majina mawili, au akiwaweka spishi kumi chini ya jina moja, hana la kuonewa huruma. Andika yote mawili.

Swali linaloulizwa sana ni hili: nitajuaje kama "changu mwekundu" ni jina, au ni maelezo tu ya mtu aliyemwona samaki mwekundu? Mpeleke samaki yule yule kwa watu wengine watatu, mmoja mmoja, wasisikizane. Wakileta neno lile lile la pili bila kusita, ni jina. Mmoja akisema mwekundu, mwingine akasema "huyu wa rangi", wa tatu akasema changu basi, ulipewa maelezo. Liandike kwa alama ya kuuliza, uendelee.

Umefaulu ikiwa kwa kila jina unaweza kutaja samaki mmoja aliye ndani na mmoja wa jirani aliye nje.

## Hatua ya 6: Ukubwa, umri, jinsia

Hakuna Mswahili atakayekubali kuwa kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi ni matunda matano. Lakini mtu huyo huyo akipewa daftari la samaki huandika jina la mtoto na jina la mkubwa kama spishi mbili.

Uliza kwa kila samaki: "Akiwa mdogo huitwaje? Akipevuka? Dume lake?" Wakikuambia hana jina jingine, andika hivyo. Wanyama wa nyumbani hutuzoeza kutegemea zaidi: kuku peke yake ana kifaranga, pora, tembe, koo na jogoo. Samaki wengi hawana anasa hiyo.

Jihadhari na ki- na ji-. Huenda neno lenye ki- mwanzoni ni aina kamili kama kikande, au ni udogo tu aliouongeza msemaji kwa siku ile. Muulize: "Akikua huitwaje?" Ki- ikiondoka, ilikuwa udogo.

## Hatua ya 7: Andika ulichosikia

Usisanifishe. Mtu akisema tewa, andika tewa. "Chewa" ataingia katika safu ya Kiswahili sanifu.

Wala usikisie kwa kanuni. Ni kweli kwamba Kiamu husema yana kwa jana, mai kwa maji, ndia kwa njia, na zitu kwa vitu. Lakini ukichukua kanuni hizo ukazipitisha juu ya majina yote ukiwa chumbani, utabuni samaki ambao hawajawahi kutamkwa na mtu. Kila umbo liwe na sauti yake kwenye simu.

Wazee wa huku bado hutofautisha kaa la moto na kaa wa mikokoni: wa pili hutamkwa kwa pumzi, kama khaa. Ndivyo ilivyo kwa paa la nyumba na paa wa porini. Tahajia ya kawaida haionyeshi pumzi hiyo, kwa hiyo weka safu ya matamshi uandike "kh", "ph", "th" unapoisikia. Asiyeisikia amwachie mwenzake.

Uliza na wingi: "Wakiwa wawili?" Mara nyingi neno halibadiliki, na mara moja moja litakushangaza.

Taa, kamba, mkunga, simu na kangaja ni samaki au viumbe wa bahari, na pia ni vitu vingine kabisa. Mbele ya kila neno la namna hii andika "(samaki)" au "(kiumbe wa bahari)", la sivyo atakayetafuta katika jedwali lako ataletewa balbu na machungwa.

Majina ya paka wa mtaa na punda wa fulani yana utamu wake, lakini hayo ni majina ya mmoja mmoja. Daftari lake liwe jingine.

Onyo: Kuna jina ambalo mtu hatalitaja, hasa la nyoka, hasa baada ya magharibi. Usimlazimishe. Kukwepa huko kuko duniani kote: Warusi humwita dubu medved, yaani mla asali. Andika alichosema badala yake, na kwamba alikwepa.

## Hatua ya 8: Jina la kisayansi huja mwisho

Wengi huanza hapa, na ndiyo maana wengi huharibu. Ukishajua kwamba samaki ni *Siganus sutor*, masikio yako hufunga; unasubiri jina moja tu na kuyatupa mengine.

Linganisha picha zako na kitabu cha utambuzi, kisha umpelekee mtu wa idara ya uvuvi au wa kituo cha utafiti wa bahari aliyezoea kazi hiyo. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni kama inabidi. Usipokuwa na hakika ya spishi, ishia kwenye jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi: *Lethrinus*, nukta. Jenasi ya kweli ina faida kuliko spishi ya kubahatisha. FishBase, hifadhidata ya samaki ya mtandaoni, itumie kupata maelezo ya samaki, si kujazia safu ya Lamu. Majina yake ya "Kiswahili, Kenya" yanaweza kuwa ya mahali popote kati ya Vanga na Kiunga, yaani pwani nzima ya Kenya.

Kama unadhani neno la mvuvi ni jambo dogo, jua kwamba Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa katika msafara wa Bahari ya Shamu, alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Humo alitumia majina aliyoyasikia kwa Waarabu, na sayansi bado inayatamka: *harak* katika *Lethrinus harak*, *bohar* katika *Lutjanus bohar*, na *Siganus* wenyewe. Samaki hao wanashushwa Lamu leo.

Na ikiwa samaki hana jina? Acha safu wazi uandike "hawana jina lake". Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilimtoa silakanti, samaki wa jamaa ya kale sana, katika kina cha bahari karibu na Malindi, wa kwanza kurekodiwa Kenya. Wangazija, watu wa Komoro, wana jina lake, gombessa, kwa sababu wao humpata. Jina la Ngazija lisiazimwe kuzibia pengo la Lamu.

Mstari mmoja uliokamilika unakuwa hivi:

- Namba ya picha: 14
- Alivyotamka: tafi
- Wingi: tafi
- Msemaji: mvuvi wa malema, mzee, Kizingitini (jina lake halichapishwi)
- Aliye ndani: wakubwa na wadogo, wote tafi
- Aliye nje: pono, "huyu ana magamba makubwa"
- Kwingineko: tasi, chafi (Tanzania)
- Kisayansi: *Siganus sutor*
- Hakika: ndiyo, watu wanne
- Faili ya sauti: KIZ-14

## Hatua ya 9: Irudishe barazani

Ichape kwa herufi kubwa, uende nayo kijijini, uisome kwa sauti mbele ya watu watano au sita. Hapa watabishana. Usiwapatanishe. Huyu akisema hivi na yule vile, mistari iwe miwili, kila mmoja na msemaji wake. Mara nyingi utagundua mmoja ana mama wa Faza, au alivua Mombasa ujana wake wote.

Kisha peleka orodha kijiji cha pili, uanze upya kutoka hatua ya 3. Usiende kuuliza "nyinyi pia husema hivi?", maana watu wa pwani ni waungwana, watakuitikia. Umbali mdogo unatosha kubadili jina: papa mkubwa mwenye madoa ya duara ni papa shilingi kwetu, na ukifika Mafia, Tanzania, ni potwe.

## Ukikwama

*Kila samaki naambiwa "huyu ni samaki tu".* Umemuuliza asiyevua, au umeuliza wakati wa mnada. Rudi hatua ya 2.

*Vijana hutumia jina la Kiingereza au la mnunuzi wa hotelini.* Liandike. Ni jina linalotumika, na safu ya msemaji itaonyesha umri wake.

*Nina majina kuliko samaki.* Vizuri. Yaweke ukurasa wa peke yake, "hawajaonekana", pamoja na maelezo ya aliyewataja. Baadhi ni wa msimu mwingine, na baadhi wamepungua baharini.

Nakala moja ya karatasi ibaki kwa BMU, na sauti zote zihifadhiwe mahali pawili. Chini ya kila ukurasa acha mistari mitupu ya msimu wa kusi, na uandike tarehe ambayo utarudi kuijaza.